Swali Aliloniuliza Murithi

Bute, 4 Agosti 2024

Kwa abti yangu Abdisamad, mwana wa dada yangu, popote ulipojificha hapo Garissa,

Assalamu alaykum. Huku tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limejitangazia uhuru na halipokei amri tena. Mama yako hajambo, anakusalimu na kukulaani katika pumzi moja. Mvua bado. Mbuzi wamebaki macho na pembe tu.

Usicheke mwandiko. Kuongea tunaongea Kisomali, ndiyo maana tunaitana abti, mjomba na mpwa, lakini kuandika mimi nilifundishwa ngumbaru, shule ya watu wazima, na ngumbaru ilikuwa ya Kiswahili. Mwalimu alihamishwa kabla hatujafika mahali pa kuweka koma, kwa hiyo ukiishiwa pumzi katikati ya sentensi ilaumu serikali. Tena kuna faida. Mke wangu Ramla hufungua kila karatasi inayoingia nyumba hii, ila Kiswahili chake ni cha sokoni, kinaishia kwenye bei ya sukari.

Sasa sikiliza. Ilwad wako amejifungua. Ni msichana. Tulikungoja siku ya jina, hukuja, mama yako akampa jina Bishara ili watu waache kutuangalia. Ana paji la uso kama lako, maskini, lakini labda atakua alifunike kwa shela.

Ulivuka mpaka kutoka vitani kurudi Kenya mwezi wa tano. Sare ukaivua, jeshi ukaliaga. Watu wakatandika mikeka. Mimi nikachagua beberu wa kuchinja. Wewe ukafika Garissa ukakaa hapo kama gari lililoishiwa mafuta. Simu yako ukipiga inasema hapatikani. Tangu lini mtoto wangu hapatikani?

Ilwad hasemi kitu, na hilo ndilo linalonitisha. Baba yake, Ahmednoor, ametuma neno kutoka Tarbaj: mvua ikianza na mume hajaonekana, anakuja na gari kumchukua binti yake na mjukuu. Huyo si mtu wa mizaha. Nimemtania miaka thelathini, bado hajacheka.

Barua hii anaibeba Alio wa lori. Mpe jibu akirudi.

Abti yako,
Kerrow


Garissa, 27 Agosti 2024

Kwa abti Kerrow,

Wa alaykum salaam. Natumai goti limepoa. Msalimie hoyo, mama yangu, mwambie nakula vizuri. Hapa ni joto na vumbi, maji ya Tana yameshuka.

Nimefurahi kwa habari ya mtoto. Bishara ni jina zuri.

Nimepata kazi ya kulinda stoo ya simiti. Si mbaya. Mwenye stoo ni mtu wa dini na hana maneno mengi. Nakaa upande huu wa mji, soko la mifugo liko kule mbali, sipiti huko. Simu iliharibika.

Nitakuja, abti. Kwanza kuna saumu naimaliza. Nilianza mwezi wa saba, nikaanguka pale stoo kwa jua, watu wakanimwagia soda mdomoni, nami nikameza. Kwa hivyo nimeanza tena mwanzo. Nikimaliza nitakuja. Mwambie Ilwad asiende popote.

Usiulize sana.

Abdisamad


Bute, 9 Septemba 2024

Abti,

Salamu nyingi. Mama yako ameambiwa unakula vizuri na papo hapo akajua ni uongo, akalia kidogo, kisha akamchinjia kuku mtu ambaye hayupo. Tumemla sisi. Bishara ameanza kucheka, na anachekea goti langu zaidi.

Umeniambia nisiulize sana, basi niliuliza kidogo tu. Nilikwenda kwa Sheikh Noordin baada ya sala ya Ijumaa. Sikukutaja. Nikamwambia, "Sheikh, mtu akifunga mfululizo, si Ramadhani, na akila siku moja tu anaanza upya, huyo anafunga nini?"

Akanitazama juu ya miwani. "Ni wewe, mzee Kerrow?"

"Tuseme ni mimi."

"Hiyo ni kafara. Miezi miwili bila kukatiza. Umemwingilia mkeo mchana wa Ramadhani?"

Nikamwambia sheikh, kwa umri huu ningefanya hivyo ningepanda mnarani nikatangaza mwenyewe. Watu walioketi wakacheka mpaka muadhini akatutoa nje. Huko nje, nikivaa viatu, sheikh akanifuata akanishika bega. Hakuwa anacheka. Akasema, "Sababu nyingine ni kuua mtu kwa makosa."

Nilikuwa na mzaha mwingine tayari ulimini. Niliuacha pale, nikavaa kiatu cha pili nikaja nyumbani.

Abti, mimi ni mtu wa upuuzi, hilo wanalijua hata punda wa Bute. Lakini wewe nilikulea tangu baba yako alipofariki, ukiwa hata kufunga suruali hujui. Umeua nani?

Kerrow


Garissa, 2 Oktoba 2024

Kwa abti Kerrow,

Salamu zako zimefika. Nashukuru kwa yule kuku. Barua yako nimekaa nayo, Alio amepita mara mbili nikamwambia bado.

Sikuua. Naandika hilo kwanza, halafu utasoma mengine na utaona kwamba halina maana.

Tulikuwa askari sita kwenye kizuizi cha njia inayokwenda kisimani. Wengine wote walikuwa wa bara, mimi peke yangu ndiye wa lugha ile, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kupaza sauti. Wiki ile wenzetu wawili walikuwa wameuawa na bomu lililofukiwa njiani. Kila mtu alikuwa akitazama chini, akitazama mikono ya watu.

Akaja mzee na ngamia wanne waliofungwa mmoja nyuma ya mwingine, wamebeba madumu ya maji. Nikapaza sauti: simama, mikono juu! Akasimama. Mkono mmoja akaunyanyua. Kisha akainama, mkono wa pili ukaenda chini kwenye miguu ya ngamia wa mbele.

Aliyekuwa na bunduki juu ya magunia alikuwa Murithi, kijana wa Meru, rafiki yangu, tulikula sahani moja. Akaniuliza bila kugeuka, "Sam, huyu anafanya nini?" Huko waliniita Sam.

Abti, wewe unajua alichokuwa anafanya. Ulinichapa kwa fimbo ya mkoma siku niliyomwacha ngamia wa mbele wazi nikaenda kusalimia wageni, akavuta wenzake wote tukawatafuta mpaka kesho yake. Mtu wa ngamia akiambiwa simama, humfunga kwanza wa mbele. Hata akiambiwa na malaika. Hawezi kunyanyua mikono yote miwili halafu maji ya watoto wake yakimbie.

Murithi hangeweza kujua. Kwao wana ng'ombe na chai. Mimi niliulizwa.

Sikujibu. Nafasi ilikuwepo ya kusema "anafunga ngamia", maneno mawili. Nilikuwa nimewaza: na kama si hivyo? Na kama safari hii ni bomu, na ni mimi niliyesema mwache? Nikanyamaza. Akauliza tena, "Sam?" Nikanyamaza. Akafyatua.

Tulipofika, kamba ilikuwa imezunguka mguu mmoja tayari. Ngamia alisimama pale pale, na wale wengine nyuma yake wametulia kabisa. Murithi akaitazama ile kamba, kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama madumu.

Tuliporudi akawa ananipigia simu. Hana lingine, anauliza tu: "Sam, yule mzee alikuwa anafanya nini?" Hajawahi kuniambia naye analala vipi. Simu haikuharibika, abti. Niliitupa mtoni.

Ndiyo maana nafunga. Ndiyo maana sijaja. Mtoto nitamshika na mikono gani?

Abdisamad


Bute, 10 Oktoba 2024

Abti yangu,

Salamu. Watu wa nyumbani wazima. Mawingu yamekuja yakatuangalia yakaondoka.

Nilikuwa nimekuandalia maneno matamu. Kwamba vita ni vita, kwamba hukushika bunduki, kwamba Mungu ni mwingi wa rehema. Nikayaandika ukurasa mzima. Kisha mbuzi akaingia akaula ule ukurasa, na wallahi nilimwacha ale. Rehema za Mungu anazijua Mungu. Mimi najua ngamia, na nikisoma yale uliyoandika naona yule mzee ameinama vizuri, kama inavyotakiwa.

Nilirudi kwa Sheikh Noordin. Safari hii nilisema si mimi. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema saumu ile ni ya aliyeua, na aliyeua kwa kutojua. Aliyejua akanyamaza, yeye hajui amwandikie nini. Alisema, "Mwambie atubu, na amwambie ukweli aliyestahili kuambiwa." Akasema hata yeye usiku huo angetafuta kitabuni. Sijawahi kumsikia sheikh akisema hajui. Hata mara moja, na ninamjua tangu ana meno ya maziwa.

Kwa hiyo, waryaa, we kijana, unajinyima chakula kwa saumu ambayo si yako, na yule kijana wa Meru anakula ugali wake na swali limemkaa kooni. Unadhani unamhurumia? Unamnyima jibu kwa mara ya pili.

Tafuta simu. Mpigie. Mwambie alikuwa anafanya nini, na mwambie ulijua lini.

Ahmednoor ametuma neno tena. Nimemjibu kwamba mkwe wake ana ugonjwa wa ngozi unaoambukiza, usije. Huo utatupa wiki mbili tatu. Ilwad ameniuliza kama una mke mwingine Garissa. Nikamwambia, kwa sura ile? Hakucheka. Amekonda, na maziwa yanapungua.

Kerrow


Garissa, 24 Oktoba 2024

Kwa abti Kerrow,

Wa alaykum salaam. Nimeacha saumu. Siku ya kwanza kula nilitapika.

Nimempigia Murithi kwa simu ya mwenye stoo. Aliposikia sauti yangu hakunisalimia. Akauliza lile lile. Nikamwambia: alikuwa anamfunga ngamia wa mbele miguu, asitoroke na wenzake.

 Nikasikia kuku wa kwao, na mtu anapasua kuni.

Akauliza, "Basi?"

Nikasema, "Basi. Hakuwa na kitu kingine."

"Na wewe ulijua lini?"

Abti, nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa nimeliandika jibu la kweli kwenye kiganja ili nisiliruke. Nikamwambia nilikumbuka baadaye, kambini, jioni. Nikasema mimi ni mtoto wa mjini, ngamia niliwaona utotoni tu.

Akasema, "Sawa, Sam." Akaniuliza kwetu ni wapi hasa. Nikamwambia Bute, mtu akitaka kunipata amuulize mzee Kerrow. Sijui kwa nini nilimwambia. Kisha akakata.

Nilidhani nitalala.

Abdisamad


Bute, 12 Novemba 2024

Abti,

Salamu kutoka kwa mama yako, kwa Ilwad, kwa Bishara anayetoa sauti kama birika, na kwa mgeni wako.

Ndiyo. Mgeni wako. Juzi gari la Moyale lilimshusha hapa kijana mrefu, kifua kama mlango wa duka, na mkoba mmoja. Akazunguka akiuliza kwao Sam. Watu wakamwambia hapa hakuna Sam, wakamletea mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara mwenzake. Mwishowe akataja jina langu akaletwa. Nikamwambia karibu, kama unauza bima tumeshakufa wote.

Akasema, "Mzee, naitwa Murithi. Nimetoka Nkubu. Nimekuja kuona ngamia akifungwa."

Hakutaka chai kwanza. Mmeru akikataa chai ujue kuna jambo. Nikamchukua mpaka kwenye zizi, nikamtoa ngamia jike mzee, nikamwambia aniamrishe. "Nipazie sauti nisimame." Akashindwa. Akafungua mdomo mara mbili, hapana. Basi nikasimama mwenyewe. Nikanyanyua mkono mmoja, nikainama, nikazungusha kamba. Goti langu lililalamika lakini likatii.

Akasema, "Tena."

Nikafanya tena. Akaenda akasimama mbali, pale penye matangi ya maji, akachuchumaa, akatazama kutoka huko. Akainua mkono: tena. Nimefanya mpaka yule ngamia akanichoka akaniteremshia mate shingoni. Kisha nikamwita aje afunge yeye. Kamba ikamponyoka mara mbili, abti, mikono mikubwa vile. Nilimshikia kamba. Alipofaulu hakuinuka. Alibaki ameinama pale na shavu lake limeegemea mguu wa ngamia, na ngamia wangu yule, anayemuuma hata Ramla, akatulia.

Jioni alikula. Anakula vizuri, mama yako ameanza kumpenda. Anapasua kuni ambazo hatukumuomba. Mlango ukipigwa na upepo anaruka, kisha anaomba radhi kwa kila mtu, hata kwa watoto. Ilwad alimpa Bishara amshike kidogo apate kuchota maji, akaweka mikono nyuma ya mgongo akasema, "Hapana, mama, samahani, hapana." Ilwad akamtazama sana. Nadhani siku hiyo alianza kuelewa una ugonjwa gani.

Sasa hili. Jana tukiwa zizini akaniuliza bila kugeuka, "Mzee, mtoto aliyelelewa hapa anaweza kuona mtu ameinama hivi asijue?"

Mimi nimewadanganya machifu wawili, daktari, mwenyekiti wa kamati ya chakula cha msaada na wake zangu wote, Mungu amrehemu wa kwanza. Uongo kwangu ni kama kupiga chafya. Nikaufungulia mlango, haukutoka. Nikamwambia, "Swali hilo si langu. Mwenyewe anakuja."

Akasema atangoja. Ahmednoor naye amefika na gari, maana mvua imenyesha Jumatatu na habari ya ugonjwa wa ngozi hakuiamini. Ilwad amemwambia baba yake hawezi kuondoka nyumbani kukiwa na mgeni anayekula kwake. Kwa hiyo mgeni akiondoka, mkeo ameondoka. Wanakungoja wote wawili, na Ahmednoor anakunywa chai yangu bila kusema asante.

Njoo.

Kerrow


Wajir, 19 Novemba 2024

Kwa abti Kerrow,

Salamu. Nimefika Wajir na lori la Alio. Njia ya kuja Bute ina tope, anasema lori ni zito, tutangoja ikauke kidogo. Nimewaona ngamia njia nzima. Nilijifunika uso kwa koti mpaka nikaona aibu.

Naipeleka hii na gari dogo linalotangulia kesho, uwe umejiandaa. Nakuomba mambo mawili. Usinipokee kwa mzaha. Na usimwambie Murithi kitu, nataka nimwambie mwenyewe: kwamba nilijua pale pale. Alipouliza mara ya kwanza nilijua, na alipouliza mara ya pili nilijua, na niliiogopea nafsi yangu kuliko nilivyomwogopea yule mzee. Akitaka kunipiga msimzuie.

Naogopa nikifika nitamwona amekaa, atanisalimia Sam, nami nitasema tena nilikumbuka jioni.

Abdisamad


Bute, 20 Novemba 2024

Abti yangu,

Nairudisha hii kwa gari lile lile, dereva ameahidi kukukuta hapo Wajir. Salamu fupi: sote tuko hai.

Uliniomba nisifanye mzaha, sitafanya. Uliniomba nisimwambie, sikumwambia. Barua yako ilipofika tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, mimi, Murithi, Ilwad na Ahmednoor. Nikaisoma peke yangu mpaka pale mwisho, pale unapoogopa utasema tena nilikumbuka jioni. Na mimi nikaogopa hivyo hivyo, maana nakujua. Nikakunja uso, nikasema macho yangu yamekataa leo, nikampa Murithi. "Nisomee, mwanangu. Kwa sauti."

Niite msaliti ukifika. Nitakujibu nikiwa nimesimama.

Alisoma salamu, alisoma tope, alisoma koti. Alipofika kwenye jina lake sauti ikashuka lakini hakuacha. Alisoma "nilijua pale pale". Alisoma mara ya kwanza na mara ya pili. Aliikunja ile karatasi polepole, akanirudishia kwa mikono miwili kama tunavyofundisha watoto, akatoka. Alikwenda mpaka kwenye matangi, akajimwagia maji kichwani na shati lake likiwa mwilini. Nikamfuata, goti na yote.

Akasema, "Miezi hii yote nimejiambia labda hakuna aliyejua."

Nikafunga bomba la tangi. 

Kisha akasema, "Mwambie aje. Sijui nitamfanya nini, mzee. Lakini aje." Yuko pale hata sasa ninapoandika, na nguo zimemkaukia.

Ahmednoor alisikia yote. Ameinuka akaenda kuangalia maji ya injini. Mama yako anaswali.

Ilwad amemwogesha Bishara, akampaka mafuta, akamvika lile gauni jipya la njano. Hakusema kama ni la kukupokea au ni la safari ya Tarbaj, nami kwa mara ya kwanza katika nyumba hii sikuthubutu kuuliza.

Njoo uulize wewe.

Kerrow